Kurasa Mia Tatu za Bwana Mwinyi

Kazija alinipigia simu mwezi uliopita kunialika kwenye akdi ya ndoa ya binti yake wa mwisho. Nilipoona namba nisiyoijua nilidhani ni watu wa umeme. "Ni mie, Kazija," alisema, nami nikakaa kitako juu ya kitanda, kwa sababu kwa miaka ishirini na saba mimi na yeye tumekuwa tukionana misibani tu. Tunapeana mkono, tunaulizana hali za watoto, kisha kila mmoja anarudi upande wake wa jamvi. Akanitajia siku, akanitajia nyumba, ile ile ya marehemu mama yake, huko mtaa wa Mkunazini, akasema akdi itakuwa baada ya adhuhuri na chakula kitaliwa hapo hapo. Kabla hajakata akaniuliza, "Bado unasoma vile vitabu vyako?" Nikamjibu nasoma mara moja moja. Huo ulikuwa uongo. Wakati huo huo nilikuwa nacho kimoja mapajani, kimelala kifudifudi, kimepasuka mgongo kwa kusomwa.

Watu wakiandika habari za ujana wao huanza na babu zao. Mimi babu simhitaji hapa. Ninachohitaji ni chumba kimoja cha juu na mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa na Kazija kumi na minane. Chumba kilikuwa cha Bi Mize, mama yake Kazija, mjane aliyekuwa akiishi kwa kushona kofia. Ukipanda ngazi zake za mawe unafika umeishiwa pumzi, kisha unakuta mkeka, mito ya sufi, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na dirisha lililokaribiana na la jirani kiasi kwamba chumvi ikiisha hupokewa kwa mkono. Jirani mwenyewe, Bi Semeni, hakuridhika na dirisha. Kila alasiri alikuja na kofia yake na mdomo wake, akakaa karibu na birika la kahawa asiondoke mpaka magharibi. Tulikuwa wanne basi: Bi Mize, Bi Semeni, Kazija na mimi. Watatu wanashona, na mimi, ambaye kofia zangu zilikuwa zikikunjamana kama uso wa mtoto anayetaka kulia, kazi yangu ilikuwa kusimulia.

Nilikuwa nikisafisha vyumba katika hoteli ndogo upande wa Shangani. Wageni walipoondoka waliacha vitu: mafuta ya jua, kandambili moja moja, na vitabu. Sheria ya pale ilikuwa kitu kikae kabatini mwezi mzima, na mwenyewe asipokitaka, anayekitaka miongoni mwetu akichukue. Wenzangu walichukua mafuta. Mimi nilichukua vitabu, na vilivyoachwa kwa wingi kuliko vyote vilikuwa vya mapenzi ya zamani za kale, za huko Ulaya, za mabwana wenye makasri na magari ya farasi. Jaladani siku zote kuna mwanamume aliyefunguka vifungo vya shati ingawa nyuma yake theluji inaanguka, na mwanamke aliyerudisha kichwa nyuma kama anayetiliwa dawa ya macho. Nilivivika karatasi za kalenda kuukuu ili nipite navyo njiani kwa heshima. Kiingereza changu cha skuli kilitosha. Nilisoma kwa macho na kusimulia kwa Kiswahili, na yule bwana wa kasri, kwa kukosa neno bora, nilimwita Mwinyi. Kila kitabu kilikuwa na Mwinyi wake, lakini kwa Bi Semeni alikuwa ni mtu yule yule mmoja. "Haya Riziki, Mwinyi wetu leo kaamkaje?" atauliza, hata sijavua viatu.

Nitasema ukweli, maana bila ya huo sina sababu ya kuandika. Vilikuwa vitamu. Vilikuwa vitamu kuliko halua, na utamu wake ulikuwa pale pale penye ubaya. Mwinyi alimwona msichana, akamtaka, na kutoka hapo maneno ya msichana hayakuwa na kazi. Alisema hapana bustanini, akasema hapana ndani ya gari la farasi, akasema hapana chumbani na mlango umeshatiwa ufunguo, na kila hapana yake ilimfanya Mwinyi atabasamu. Kisha mwandishi, ambaye aghalabu alikuwa mwanamke, anatuambia kwamba moyo wa msichana ulikuwa ukisema mengine. Nakumbuka alasiri ya kwanza nilipofika kwenye mlango uliotiwa ufunguo. Sindano zilisimama. Kazija peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

"Kasema hataki," alisema. "Mbona huyo hamsikii?"

"Anamsikia sana," nikamjibu. "Anajua si sitaki ya kweli hiyo."

"Anajuaje?"

"Anamwona macho."

"Na akimwona vibaya?"

Nilicheka. Wote tulicheka, na Bi Mize, ambaye alikuwa mkimya na hacheki ovyo, alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Afadhali huyo kafukuzwa kwa farasi," alisema. "Mie nilikuwa nachambua mchele. Mama akaja akaniambia inuka ukaoge, ushaolewa." Bi Semeni akasema yeye hata kuoga hakuambiwa. Tukacheka tena, mpaka kahawa ikamwagika. Siku hizi ninapoifikiria alasiri ile ndipo ninapoona kwamba waliocheka zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuulizwa. Sisi tulilelewa kwamba msichana mwema hataki kitu. Hataki kula kwa watu, hataki kuonekana dirishani, hataki mume, na akimtaka asijulikane. Basi kitabu kinachomtwika mwanamume dhambi yote ya kutaka, na kumwachia msichana raha yote bila ya lawama, kwetu kilikuwa kama rehema. Sikuwa na akili ya kuliona hilo wakati ule, na ninaliandika si kwa kujitetea. Kazija naye alivipenda. Asidhani mtu kwamba yeye alikuwa malaika na sisi mashetani. Nikikosa kuja siku mbili alinitumia salamu kwamba Mwinyi amekwama njiani na wao wanataka kujua. Tofauti yake ilikuwa moja tu, kwamba yeye alikuwa akiuliza.

Ule mwezi wa Shaaban, ami yake Kazija, Mzee Makame, alikuja kutoka Makunduchi na kikapu cha viazi vikuu na habari ya posa. Baba yake Kazija alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ami ndiye aliyekuwa walii wake, ndiye mwenye kumwoza. Mposaji aliitwa Silima, mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye duka Darajani na nyumba Nungwi. Nilimwona mara moja alipokuja kumwamkia Bi Mize. Alikuwa mrefu, ikambidi ainame kupita chini ya kizingiti. Kanzu yake ilikuwa imenyooshwa mpaka ingeweza kusimama peke yake, na alipopita aliacha harufu ya udi iliyobaki ngazini hadi kesho yake. Hakucheka na mtu. Alimtazama Kazija mara moja, kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulipia. Mimi niliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe moyo ulinienda mbio. Nilimjua. Nilikuwa nimeshamsimulia mara kumi na moja.

Kazija hakuwa na mpenzi wa siri, wala hakuwa na neno baya juu ya Silima. Alikuwa na nafasi katika chuo cha ualimu. Barua ilikuwa chini ya godoro lake, akiitoa na kuisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kutoboka. "Nnataka kusoma kwanza," alimwambia mama yake mbele yangu. "Miaka miwili tu. Akinitaka atangoja." Bi Mize alimtazama, akavuta uzi, akasema atazungumza na ami. Ami akasema vyuo vitakuwepo, waume hawangoji. Neno likaishia hapo. Kila mtu akaanza kuzungumza habari za mapazia.

Siku moja kabla ya akdi Kazija alinivuta mpaka darini. Mikono yake ilikuwa na piko mbichi, ile rangi nyeusi ya maharusi, ameikunjua mbele kama anayeomba dua. "Kesho wakija kuniuliza ntasema sitaki," alisema. "Ami mwenyewe kasema bila ya ridhaa yangu haniozi, ni mtu wa dini. Lakini najijua, sauti itanikauka. Wewe utakuwa ubavuni mwangu. Ikinikauka, utanisemea." Nikamwambia nitamsemea. Akataka niape. Nikaapa. Nilipokuwa nikishuka ngazi, haya nakumbuka kama jana, nilikuwa nikitabasamu. Nilijiambia: hii ndiyo sura ya bustanini, bado ya chumbani.

Ada ya kwetu inajulikana. Kabla ya kufungwa nikaha, walii na mashahidi wawili huja mlangoni kumtaka idhini bi harusi. Yeye hukaa kitandani amefunikwa shuka, na mwanamke mmoja wa karibu hukaa naye. Huulizwa, na akiwa mwari akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Akilia, wanawake husema ni machozi ya haya, na yule aliye ubavuni ndiye anayewapa walio mlangoni habari za chini ya shuka. Siku ile ubavuni nilikaa mimi. Chumba kilikuwa kimejaa, asumini na udi na jasho, na wanawake wameshika masinia wakingoja kupiga vigelegele. Shuka ilikuwa ya kijani. Chini yake niliushika mkono wa Kazija, ulikuwa baridi.

Mzee Makame aliuliza mara ya kwanza, sauti ya upole, ya mtu aliyetawadha. "Kazija binti ndugu yangu, unaniidhinisha nikuoze kwa Silima?" Kimya. Sasa wengine wangetosheka, lakini yeye kweli alikuwa mtu wa dini, akauliza tena. Kisha Kazija aligeuza kichwa upande wangu, pumzi yake ina harufu ya hiliki, akasema kwa sauti ya chini lakini iliyo kamili, neno kwa neno: "Sitaki. Riziki, waambie sitaki." Nilimsikia. Nataka ieleweke hivyo. Sikusikia vibaya, wala sikusikia nusu.

"Kasemaje?" akauliza Bi Semeni, na chumba kizima kikanigeukia.

Ningekuwa na woga ningejisamehe. Ningesema nilikuwa mtoto, watu walikuwa wengi, ami alikuwa mlangoni. Lakini sikuogopa. Nilifurahi. Nilijiona nimefika kwenye ukurasa ninaoujua, na kwamba mimi peke yangu mle chumbani ndiye niliyekuwa nikijua mwisho wake: atalia leo, kesho kutwa atamzoea, baada ya miezi mitatu atakuwa hamtaji ila kwa kicheko, na siku moja atanishukuru. Nilitabasamu. "Anaona haya tu," nilisema.

Vigelegele vikapaa mpaka nje. Mzee Makame akasema alhamdulillahi, akashuka na mashahidi wake kwenda msikitini. Chini ya shuka, Kazija hakunipokonya mkono. Aliulegeza tu, mpaka nikawa nimeshika kitu kisichonishika. Nimewahi kuwasikia watu wakilaumu dini kwa mambo kama haya, na mimi hunyamaza, maana najua zaidi yao. Masheikh wamesema kimya cha mwari ni idhini. Hakuna sheikh aliyesema sitaki ni idhini. Hiyo ilikuwa sheria yangu mimi, na niliisoma kwa Kiingereza.

Miezi mitano baadaye nilikwenda Nungwi kumtembelea. Nyumba ilikuwa nzuri, sakafu ya vigae, friji mpya, mashine ya kushonea ambayo haijafunguliwa. Alinipikia pweza wa nazi na wali, akaniwekea maji ya kunawa, akafanya kila kitu cha mgeni. Nilimletea kitabu kipya, nikakiweka baina yetu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Hakukigusa. Tulipokwisha kula aliniuliza swali ambalo mpaka leo likinijia sokoni husahau nilichokwenda kununua.

"Mle vitabuni mwako," alisema, "huchukua kurasa ngapi?"

"Kurasa za nini?"

"Mpaka ampende."

Nikafikiri ananitania. "Kama mia tatu," nilisema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayepima. "Nikimwambia sitaki hucheka," alisema. "Hanipigi, usije ukasema ananipiga. Hucheka tu, huniambia najua unaona haya." Alisimama akaanza kukusanya sahani. Akiwa amenipa mgongo akamalizia, "Husema hasa kama wewe." Niliosha mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikachukua kitabu changu nikarudi mjini.

Alikaa naye miaka tisa na watoto watatu, kisha akaachwa, akarudi Mkunazini kwa mama yake na kushona kofia. Chuo hakikumngoja. Haya niliyapata kwa Bi Semeni dirishani, si kwake. Alasiri zetu zilikuwa zimekufa siku ile ile ya vigelegele. Nilijaribu kusimulia mara mbili tatu baada ya harusi, na Bi Mize akanisikiliza kwa adabu, mpaka siku moja akaniomba niwashe redio. Sikumwambia mtu nilichokisikia chini ya shuka. Bi Mize amekufa akiamini mwanawe alinyamaza, na pengine hiyo ndiyo huruma pekee niliyomfanyia, kama ni huruma.

Mtu angetarajia niseme kwamba nilivichoma vitabu. Sikuvichoma. Ninavyo kabati zima, na vingine viko kwenye simu ambako hakuna haja ya karatasi ya kalenda. Binti yangu, ambaye amesoma kuliko mimi, ameniletea vya siku hizi, vya mabwana wale wale wa makasri, ila sasa wamefundishwa adabu. Bwana anauliza kabla ya kumshika bibi mkono, anauliza kabla ya kufungua kifungo, na bibi anajibu ndiyo kwa sauti. Navisoma, na ninavikubali. Nadhani msichana wa miaka kumi na tisa akivisoma hivyo hatamdhuru mtu. Lakini nikitaka raha yangu narudi kwa Mwinyi wangu wa zamani na ufunguo wake. Najua alichokifanya. Najua zaidi kuliko mwandishi wake. Na bado nikifika pale kwenye mlango napunguza mwendo wa kusoma, kama mlaji anayetaka chakula kisimwishie. Huko kujua na huku kupenda vimekaa ndani yangu miaka ishirini na saba, na hakuna kilichomwondoa mwenzake. Nimechoka kungoja.

Siku ya akdi nilipanda zile ngazi kwa kupumzika mara mbili. Bi Semeni alikuwa amekalishwa kwenye kiti, hasikii tena. Nilimwinamia nikamwambia shikamoo, akajibu marahaba kwa mtu mwingine. Mkeka ulikuwa mpya na redio haipo. Bi harusi, Thuweiba, ni mwalimu wa skuli ya msingi, binti mwenye uso wa mama yake na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. Alikuwa amekaa kitandani, na shuka haikuwepo. Uso wake ulikuwa wazi, ushungi tu begani. Wanawake wengine walinong'onezana kuhusu hilo, na Kazija akawaacha wanong'one. Kulikuwa na nafasi ubavuni mwa bi harusi. Nilikwenda nikakaa pale kwa mazoea tu, kabla ya kufikiri, na Thuweiba akanisogezea mto.

Mlangoni alitokea Silima na mashahidi wawili, maana baba ndiye walii. Siku ile ya zamani aliinama kwa urefu. Sasa mgongo wenyewe ulikuwa umemwinamisha, na fimbo ilikuwa imetangulia. Kanzu bado imenyooka. Alikohoa kutaka kuanza, na Kazija akainua mkono kidogo, akamzuia. Kisha akanijia, akaniwekea kiganja begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mwenye nyumba anayepanga wageni wake: "Shoga, hebu kaa nje ngazini. Wakimaliza ntakwita."

Wengine walidhani natumwa kuangalia sufuria. Niliinuka, nikampita Silima, udi ule ule, na nikakaa kwenye ngazi ya nne na mkoba wangu mapajani. Mlango ulifungwa nyuma yangu. Nilisikia sauti ya kiume ikiuliza. Jibu sikulisikia. Nilisikia vigelegele, na vigelegele havikunisaidia kitu, kwa sababu siku ile pia vilipigwa, na vilikuwa hivi hivi.

Baadaye kidogo wanaume walishuka, nikakunja miguu wapite. Nyuma yao alitoka Kazija na sahani ya biriani, akaiweka juu ya mkoba wangu.

"Kasemaje?" nilimuuliza.

"Kasema mwenyewe," alisema. "Kila mtu kasikia." Akarudi ndani.

Nilikula pale pale. Nilipomaliza niliiweka sahani kando, nikafuta mikono, nikatoa kitabu mkobani. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mia mbili na kitu, mlango umeshatiwa ufunguo, na msichana anasema hapana. Kazija alisema ataniita. Nilisoma huku nikisikiliza jina langu, sura moja, kisha ya pili, wanawake ndani wakiimba na kucheka, na Mungu anisamehe, kilikuwa kitamu.